Miti ya Mabibi Shambani

Wanachama wetu wajua kuwa karafuu iliyochumwa haingoji. Ikilala imerundikwa katika polo hupata joto, na ikianikwa hutoka nyeupenyeupe, nyepesi, isiyo na bei. Basi jioni ile ile majamvi hutandikwa uani, taa ikawashwa, na mabibi wakakaa kuchambua, makonyo huku na karafuu huku, mpaka usiku mkubwa. Mchumaji hupimiwa kazi yake akalipwa. Mchambuaji, akiwa ni mke au dada wa mwenye shamba, mara nyingi hupata ahsante tu.

Hilo twaliweka kando kwa leo, ijapokuwa si dogo. Twataka kusema juu ya miti yenyewe.

Mkarafuu una mwaka wa neema na mwaka wa ukata. Mwaka wa ukata nyumba hula muhogo, majimbi, ndizi na mpunga wa bondeni, na aliyelima sana ni bibi. Lakini ardhi hiyo mara nyingi ameazima. Kwa desturi yetu aliyeazima hupanda kitu cha msimu, wala hapandi mti, kwa kuwa mti ni dai. Hivyo mwanamke aweza kulima miaka 30 asiwe na shina moja la kuwaachia wanawe.

Wako wasemao mabibi hawayawezi mambo ya mali. Na watazame pwani. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza Unguja kwa biashara mwaka 1989, wakulima wake wengi ni wanawake, hata huku Pemba. Kule hawakuhitaji kuazima shamba la mtu.

Tena yapo mafungu ya urithi. Binti ana nusu ya fungu la ndugu yake mwanamume, na mjane ana thumni mumewe akiacha watoto. Hapana asiyejua. Ila mikarafuu hubaki mkononi mwa kaka "kwa kuangalia", dada akaletewa kidogo kila msimu, akaona haya kuuliza. Kaka akifa, wanawe huhesabu miti yote kuwa ya baba yao. Tumeyaona haya zaidi ya mara moja, na watoto wa ndugu wakanyimana salamu mpaka msibani.

Kwa hiyo twaomba, kabla ya msimu, kaka na dada waingie shambani pamoja, miti yake ihesabiwe na kutiwa alama, iandikwe mbele ya sheha na mashahidi. Na palipokufa mkarafuu, mkeo apewe pengo lile apande mche, nao uandikwe kuwa ni wake. Utakawia miaka kadhaa kuzaa, na ukiwa mchanga hutaka kivuli. Migomba yake bibi na muhogo wake ndivyo vitakavyoutilia kivuli. Mashimo na yachimbwe kabla ya masika.