Annalena wa Wajir na mahubiri ya kila asubuhi

Watoto wa shule ya Jumapili mjini Garissa wana swali ambalo wenzao wa Nyeri au Kisumu hawana haja ya kuliuliza. Yesu aliwaagiza wanafunzi wake waende kwa mataifa yote wakawafundishe. Sawa, lakini sisi wa hapa tutahubiri vipi? Kanisa lina ua mrefu, langoni kuna askari, na kabla ya kuingia ibadani unakaguliwa mwili na begi. Majirani karibu wote ni Waislamu, na dini yao waliipokea kwa mababu. Ukienda na kipaza sauti kwenye soko la ngamia ukaanza kuita watu watubu, hutamleta mtu kanisani. Utaleta ugomvi.

Ni swali zuri, wanangu, wala sitaki kulijibu haraka. Nisikilizeni kwanza habari za mwanamke mmoja.

Aliitwa Annalena Tonelli. Alizaliwa mwaka 1943 katika mji wa Forlì, Italia, akasomea sheria. Angeweza kuwa wakili mwenye ofisi na jina lake mlangoni. Lakini tangu ujana wake alikuwa akishinda na maskini wa mji wake, na mwaka 1969 akaja Kenya kufundisha. Baadaye akafika Wajir. Hakuwa sista. Hakutumwa na shirika la watawa, wala hakuwa na mshahara wa umisionari. Alikuwa Mkristo muumini tu, kama mama yako anayekaa benchi la tatu kila Jumapili, ila yeye aliamua kutoolewa, asimiliki kitu, na maisha yake yote yawe ya watu asiowajua.

Wajir iko kaskazini mwa Garissa, mwendo wa zaidi ya kilomita 300. Ni mji wa visima, na visima hivyo ndivyo vinavyowaleta wafugaji na ngamia wao kutoka mbali. Mfugaji hukaa palipo na malisho. Malisho yakiisha, mikeka na fito za nyumba hupakiwa juu ya ngamia, na familia nzima inahama.

Sasa katikati ya maisha hayo weka kifua kikuu.

Vijidudu vya ugonjwa huu hufa polepole. Ukimeza dawa wiki chache homa hushuka, kikohozi hupungua, hamu ya chakula hurudi, nawe unajiambia umepona. Hujapona. Vijidudu vilivyosalia ni vile vigumu, na ukiacha dawa vinaongezeka tena, safari hii vikiwa vimeanza kuizoea dawa yenyewe. Miaka ile matibabu yalichukua mwaka mzima, hata mwaka na nusu. Mwambie mchunga ngamia alale wodini muda wote huo na mvua imenyesha kule malishoni Griftu! Alikuwa akipata nafuu kidogo tu, anaondoka, na anakufa porini baada ya kuwaambukiza watoto wake. Halafu kulikuwa na aibu. Familia nyingi za Kisomali hazikutaka ijulikane kwamba nyumbani mwao kuna mgonjwa wa kifua. Alifichwa, na jina la ugonjwa halikutajwa.

Mwaka 1976 Annalena alikabidhiwa mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani wa kutibu kifua kikuu miongoni mwa wafugaji wa kuhamahama. Dawa mpya zilikuwa zimefupisha matibabu hadi miezi sita. Lakini hata miezi sita ni mingi kwa mtu ambaye hajawahi kulala ndani ya kuta nne. Basi Annalena hakuwaingiza wodini. Aliwaalika wapige kambi karibu na kituo alimokuwa akiwahudumia walemavu, wajenge vibanda vyao vile vile vya mikeka na fito, wakae kama wanavyokaa malishoni. Mahali hapo pakaitwa manyatta. Na kila siku, kila mgonjwa alimeza dawa zake mbele ya macho ya mhudumu. Hakuna kupewa kifurushi uende nacho. Unameza, unaonekana umemeza, mnaagana hadi kesho.

Hesabuni wenyewe. Miezi sita ni asubuhi 180 na zaidi, kwa kila mgonjwa, na wagonjwa walikuwa wengi. Yumo mzee mkali, yumo mama anayelilia watoto aliowaacha kwa dada yake, yumo kijana anayetaka kutoroka kwa kuwa kikohozi kimekwisha. Kila mmoja abembelezwe, asikilizwe, amezeshwe. Manyatta za namna hiyo zikaenea katika miji mingine ya kaskazini mwa Kenya, na miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likawashauri madaktari wa dunia nzima wawasimamie wagonjwa wa kifua kikuu wakimeza dawa, jambo ambalo Wajir walikuwa wamelifanya miaka mingi kabla.

Hapa nataka mkae nami kidogo, kwa sababu hapa ndipo imani ilipo.

Wakristo tunaamini kwamba Mungu hakutupigia kelele kutoka mbinguni kisha akaishia hapo. Alikuja. Mwinjili Yohana anasema Neno alifanyika mwili akakaa pamoja na watu. Alikula walichokula, alichoka walivyochoka, alikaa karibu miaka 30, mingi katika kijiji cha Nazareti, kabla ya kutoa hotuba yoyote tunayoikumbuka. Fikirini hilo: miaka 30 ya ukimya, mitatu tu ya kufundisha. Annalena alilifikiria sana. Mmoja wa waliomfunza njia hiyo alikuwa Charles de Foucauld, padri Mfaransa aliyekaa na Watuareg katika jangwa la Algeria hadi alipouawa mwaka 1916, na ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2022. Yeye pia alikaa kwanza.

Najua mmoja wenu atanikatiza: lakini Annalena hakuhubiri! Amri ya Mathayo sura ya 28 imekwenda wapi? Swali hilo wameliuliza hata watu wazima, tena kwa hasira. Mimi nasoma hivi. Sura tatu nyuma, katika Mathayo huyo huyo, Yesu anaeleza siku ya hukumu, na maswali yake ni ya mkate, maji, nguo, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Amri hizo mbili zimetoka kinywa kimoja. Sisemi wahubiri wanyamaze. Wapo mapadri na wachungaji wanaohubiri Garissa kila Jumapili huku wakijua hatari, na wanafanya vyema. Nasema kwamba mgonjwa wa Wajir aliyemwona mwanamke wa dini nyingine akirudi kwake kila siku kwa miezi sita, bila kumwomba abadili dini, bila kumdai shukrani, alikuwa ameambiwa jambo fulani kuhusu Mungu wa mwanamke yule.

Na upendo wake haukuwa wa dawa peke yake. Februari 1984 askari wa serikali waliwakamata wanaume wa ukoo wa Degodia wakawapeleka uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir. Waliwaweka juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ilisema huenda wanakaribia 1,000. Annalena alitoka kwenda kuwatafuta majeruhi na kuziokota maiti, na alihakikisha habari zinaufikia ulimwengu wa nje. Mwaka uliofuata alilazimika kuondoka Kenya.

Wengi wangerudi kwao wakapumzike. Yeye alikwenda Somalia, akapita vita na njaa, na mwishowe akafika Borama, ambako alijenga hospitali ya kifua kikuu na shule ya watoto viziwi. Huko nako si wote waliomtaka. Kuna waliomrushia mawe. Juni 2003 Umoja wa Mataifa ulimtunukia tuzo ya Nansen kwa kuwatumikia wakimbizi. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo alipigwa risasi hospitalini mwake, akafa.

Nimewaambia habari za Mkristo aliyewapenda Waislamu. Kama ningeishia hapo ningewadanganya, maana mngedhani upendo huu unatembea upande mmoja. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa kwa mabomu na risasi watu wakiwa ibadani. Siku chache baadaye viongozi wa Kiislamu walisema vijana wao watasaidia kuyalinda makanisa. Novemba 2014, magaidi walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga wasio Waislamu, wakawaua watu 28. Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148 waliuawa, wengi wakiwa wanafunzi Wakristo. Kwa sababu hiyo, basi jingine liliposhambuliwa kwenye barabara ya Mandera, karibu na El Wak, tarehe 21 Desemba 2015, kila abiria alijua kinachofuata. Waliambiwa Waislamu wakae kando. Waislamu hao walikataa. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajifunike. Salah Farah, mwalimu wa shule ya msingi na Mwislamu, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki kwa jeraha hilo.

Yesu aliulizwa na mwanasheria: jirani yangu ni nani? Akajibu kwa hadithi ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi njiani. Kuhani akapita, Mlawi akapita, Msamaria akasimama. Wasikilizaji wa Yesu waliwahesabu Wasamaria kuwa watu wa imani iliyopotoka. Yesu alipouliza nani aliyekuwa jirani, mwanasheria yule hakulitaja jina la Msamaria, alisema tu ni yule aliyemhurumia. Ninapowaza barabara ile ya Mandera, namwona Msamaria amepanda basi.

Mtaniuliza kama Mwalimu Salah yuko mbinguni. Watoto huuliza hivyo, na ni haki yenu. Hukumu si kazi yangu. Nawarudisha tu kwenye ile sura ya 25 ya Mathayo. Wale walio mkono wa kuume wanashangaa kuambiwa kwamba walimlisha Bwana na kumtembelea. Wanamuuliza ni lini walimwona. Hawakujua ni yeye. Walimwona mgonjwa anayekohoa, au abiria wa kiti cha pili anayetetemeka, nao hawakumwacha.

Basi someni sura hiyo nyumbani usiku wa leo, na Jumapili ijayo mje na majina ya wagonjwa wa mtaani kwenu, wa dini yoyote, tuone nani atapelekewa maji na nani atasindikizwa zahanati.