Wafanyabiashara wa Pwani na Bara: Allidina Visram (Sehemu ya Pili)

Sehemu iliyotangulia ilimhusu Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo ambaye jina lake lingali linatajwa na wagonjwa wanaolazwa katika jengo la Sewahaji, Hospitali ya Muhimbili. Sehemu hii inamhusu mtu aliyejifunza kazi kwake, Allidina Visram, aliyezaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, eneo la Kutch, magharibi mwa India, akavuka bahari na kufika Bagamoyo mwaka 1863, angali mtoto wa miaka 12.

Biashara ya Bagamoyo wakati huo ilitegemea misafara ya wapagazi, yaani wachukuzi waliobeba mizigo kwa miguu kati ya pwani na bara, wakienda na shanga, nyaya na amerikani, ile nguo ya pamba isiyotiwa rangi, na kurudi na pembe za ndovu zilizonunuliwa kwa jasho lao zaidi kuliko la mtu mwingine yeyote. Mwenye msafara alichukua bidhaa kwa mali kauli, ambao ni utaratibu wa kupewa mali kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza, na kwa kuwa safari ilichukua miezi mingi, mkopeshaji alilazimika kumjua mdeni wake, ukoo wake na sifa yake njiani. Hiyo ndiyo elimu aliyoipata Allidina, na hakuna shule ambayo ingempa iliyo bora zaidi.

Aliposimama mwenyewe alifungua maduka kwenye njia za misafara, na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilipofika Kisumu mwaka 1901, maduka yake nayo yalikuwa yamesonga hadi Uganda. Duka lake la bara liliuza chumvi, nguo na mafuta ya taa, likanunua ngozi, ufuta na pamba kwa wakulima, na pale ambapo benki zilikuwa hazijafika, maofisa wa serikali ya kikoloni walipata fedha taslimu kupitia kwake. Wasimamizi wengi wa maduka hayo walikuwa Waislamu wenzake wa madhehebu ya Ismailia waliotoka India vijana, kama alivyotoka yeye, wakapata kwake kazi na mahali pa kuanzia maisha.

Allidina alifariki mwaka 1916, na biashara yake haikudumu sana baada yake. Kilichodumu ni kazi ya mwanawe, Abdulrasul, ambaye kwa kumuenzi baba yake alitoa fedha za kujenga shule ya sekondari mjini Mombasa, iliyofunguliwa mwaka 1923. Mwanzoni shule hiyo ilikuwa ya watoto wa Kihindi peke yao, kwa kuwa serikali ya kikoloni iliwatenga wanafunzi kwa rangi, na dosari hiyo haifai kufichwa hata katika makala ya kumuenzi marehemu. Lakini ubaguzi huo uliondolewa, na leo vijana wa Mombasa wa kila asili wanasoma katika Shule ya Upili ya Allidina Visram.