Siri ya farasi wa michezo imo katika damu ya babu

MFUGAJI wa ng'ombe wa maziwa kule Nyandarua au Kiambu hahitaji kufunzwa jambo hili. Ng'ombe wa kienyeji huvumilia jua, kupe na ukame, lakini maziwa yake hayajazi kibuyu. Yule wa gredi hutoa maziwa tele, lakini hutaka majani mazuri, dawa na kuangaliwa kila siku. Mfugaji mwenye busara huchanganya damu hizo mbili, kisha hujiuliza: nichanganye kwa kiasi gani?

Swali hilo hilo limewakosesha usingizi wafugaji wa farasi wa michezo huko Ulaya kwa muda mrefu. Kwao, damu inayotamaniwa na kuogopwa kwa wakati mmoja ni ya thorobredi, yule farasi mwembamba wa mbio ambaye Wakenya humwona katika uwanja wa Ngong, Nairobi, siku za Jumapili.

Farasi wa michezo, msomaji, si yule wa mbio. Ni farasi wa kuruka viunzi, au wa kupiga hatua kwa madaha mbele ya waamuzi, mchezo uitwao dresaji. Wengine hushiriki shindano la siku tatu, ambamo mnyama mmoja hufanya yote hayo na isitoshe hukimbia nyikani akiruka magogo na mitaro. Farasi wa namna hii huhitaji nguvu, utulivu na akili. Lakini bila pumzi na wepesi, nguvu hizo ni mzigo tu.

Madume watatu

Nasaba ya upande wa baba ya kila thorobredi aliye hai leo huishia kwa mmoja wa madume watatu waliopelekwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki. Wa kwanza ni Byerley Turk, aliyepandwa na Kapteni Robert Byerley katika vita vya Boyne nchini Ireland mwaka 1690. Wa pili ni Darley Arabian, aliyenunuliwa mjini Aleppo, Syria, na kufika Uingereza mwaka 1704. Wa tatu ni Godolphin Arabian, aliyepitia Ufaransa na kufa mwaka 1753.

Madume hao walipandishiwa farasi majike waliokuwapo Uingereza. Mwaka 1791 James Weatherby alichapisha daftari la nasaba la farasi hao. Hadi leo farasi hahesabiwi kuwa thorobredi ila wazazi wake wote wawili wawe wamo katika daftari la aina hiyo.

Kwa zaidi ya karne tatu, farasi hao wamechaguliwa kwa kipimo kimoja tu: nani amefika wa kwanza. Hakuna aliyeuliza kama farasi ana sura nzuri au shingo ya kupendeza. Matokeo yake ni mnyama mwenye mapafu na moyo wa ajabu. Moyo wa Phar Lap, farasi wa mbio aliyezaliwa New Zealand na kufa mwaka 1932, umehifadhiwa mjini Canberra, Australia. Una uzito wa kilo 6.2, ilhali moyo wa farasi wa kawaida huwa na uzito wa kilo nne hivi.

Moto, baridi na vuguvugu

Wafugaji wa Ulaya wana msemo wao. Thorobredi na farasi wa Kiarabu huitwa wa damu moto. Wale wakubwa wa kuvuta mikokoteni na majembe huitwa wa damu baridi. Farasi wengi wa michezo, ambao wamo kati ya hao wawili, huitwa wa damu vuguvugu. Si kwamba joto la miili yao linatofautiana, la hasha! Ni tabia inayosemwa hapo: mmoja hushtuka upesi na kutimka, mwingine humwamsha mwenyewe kwa viboko.

Damu moto huleta mwendo mrefu wa kukimbia, mifupa myembamba iliyo migumu, wepesi wa kuitikia na ule ushupavu wa kutokubali kushindwa. Lakini huja pia na kasoro zake. Thorobredi wengi wana kwato nyembamba na ngozi laini inayochubuka. Hatua zao hupita chini chini karibu na ardhi, jambo linalofaa mbio lakini halimfurahishi mwamuzi wa dresaji. Na mpanda farasi asiye na mkono mtulivu huwaharibu akili mara moja.

Ndiyo maana wajuzi huifananisha damu hii na chumvi. Mchuzi usio na chumvi hauliki, na uliozidi chumvi hauliki vilevile.

Trekta lilipoingia shambani

Haja ya chumvi hiyo ilizidi baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kaskazini mwa Ujerumani, katika jimbo la Holstein, jina lisilo geni kwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, wakulima walikuwa na farasi wakubwa wa kulima na kuvuta magari. Trekta na lori zilipoingia, farasi hao walikosa kazi. Mkulima alibaki na mambo mawili ya kuchagua: kuwauza wakachinjwe, au kuwabadili wawe farasi wa michezo.

Waliochagua njia ya pili walitafuta madume wa thorobredi. Miongoni mwao alikuwa Ladykiller, aliyezaliwa mwaka 1961 na kuletwa Holstein katika miaka hiyo ya 1960. Alipandishiwa majike wazito wa wakulima, akazaa Landgraf mwaka 1966 na Lord mwaka 1967. Madume hao wawili wakawa nguzo za ufugaji wa farasi wa kuruka viunzi. Mmoja wa watoto wa Landgraf, aitwaye Libero H, alishinda fainali ya Kombe la Dunia ya mwaka 1994 akipandwa na Mholanzi Jos Lansink.

Katika nasaba zao Wajerumani huandika herufi "xx" baada ya jina la kila thorobredi. Mnunuzi anapofungua karatasi ya farasi huhesabu kwanza alama hizo, na zilipo: kwa baba, kwa babu, au mbali zaidi.

Mjukuu ndiye anayelipa

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Mtoto wa kwanza wa thorobredi na jike mzito mara nyingi hamvutii mnunuzi. Huenda akawa mwembamba, miguu mirefu, akachelewa kukomaa. Mnadani hupitwa na wenzake walionona. Mfugaji asiye na subira humuuza kwa hasara na kuapa kwamba hatarudia tena.

Mwenye subira humweka, hasa akiwa jike, kisha humpandisha kwa dume mwenye nguvu. Hapo matunda huanza kuonekana.

Tazama mfano huu kutoka Normandy, Ufaransa. Orange Peel alikuwa thorobredi aliyezaliwa mwaka 1919. Alimzaa The Last Orange, naye akamzaa Ibrahim mwaka 1952. Ibrahim alimzaa Almé mwaka 1966, Almé akamzaa Galoubet mwaka 1972, na Galoubet akamzaa Baloubet du Rouet mwaka 1989. Huyo Baloubet, akipandwa na Rodrigo Pessoa wa Brazil, alishinda fainali ya Kombe la Dunia mara tatu mfululizo, mwaka 1998, 1999 na 2000. Katika Olimpiki ya Athens ya mwaka 2004 walipewa dhahabu baada ya aliyewatangulia kuvuliwa ushindi kwa sababu ya dawa zilizokatazwa.

Kutoka 1919 hadi 2004 ni miaka 85. Aliyempandisha jike wake kwa Orange Peel hakuiona dhahabu hiyo. Waama, mwenye kupanda mnazi si lazima awe ndiye atakayekunywa dafu lake.

Sam, mwenye damu pande zote

Wako pia wanaotia chumvi kwa mkono mzito na wakafaulu. Mjerumani Michael Jung alishinda dhahabu ya shindano la siku tatu katika Olimpiki ya London 2012 na tena Rio de Janeiro 2016, mara zote mbili akiwa na farasi mmoja, Sam. Baba yake Sam ni Stan the Man, thorobredi. Mama yake ni mtoto wa Heraldik, thorobredi mwingine. Yaani robo tatu au zaidi ya damu ya Sam ni damu moto.

Haishangazi kuwa ilikuwa katika shindano hilo. Katika ngazi ya juu kabisa, kama ile ya Badminton nchini Uingereza, farasi hutakiwa kukimbia nyikani kwa kasi ya mita 570 kila dakika, kwa zaidi ya dakika kumi, huku akiruka vizuizi visivyoanguka. Nguvu za farasi mzito huisha kabla ya mwisho. Na farasi aliyechoka akikosea kuruka, huhatarisha shingo yake na ya mpandaji.

Lakini Sam alihasiwa. Hawezi kuacha mtoto. Anayetaka Sam mwingine sharti arudi mwanzo na kuchanganya upya, na anapotazama huku na huku kutafuta dume wa kumfaa, hupata kwamba wamepungua.

Kisima kinachokauka

Sababu za upungufu huo ni kadhaa. Kwanza, daftari la thorobredi halikubali mtoto aliyepatikana kwa kupandisha kwa sindano. Dume na jike lazima wakutane. Farasi wa damu vuguvugu hawana kizuizi hicho, na mbegu zao zilizogandishwa husafirishwa kwa ndege. Dume wa mbio anayelipwa fedha nyingi na wafugaji wa mbio hana haja ya wateja wengine.

Pili, shindano la siku tatu lilipunguzwa. Tangu Olimpiki ya Athens mwaka 2004 sehemu ya safari ndefu za barabarani na ile ya mbio za vizuizi ziliondolewa. Alama za dresaji zikawa na uzito zaidi, na wengi wakakimbilia farasi wenye hatua za madaha.

Tatu, mnunuzi wa leo hupenda mtoto wa farasi anayemeremeta akiwa na miaka mitatu. Nani atangoje mjukuu?

Hatari yake ni hii. Kila mfugaji akikimbilia madume wale wale wachache mashuhuri, farasi wa michezo huwa ndugu wa karibu. Halafu viwanja vya kuruka vimekuwa vyepesi kuangusha mtu: viunzi vyenyewe ni vyembamba, huanguka vikiguswa kidogo, na saa inahesabu. Farasi mzito, mvivu wa kuitikia, hana nafasi tena. Wafugaji wanaihitaji damu moto leo kuliko walivyodhani, ilhali kisima chake wamekiacha kikauke.

Aliyeshindwa mbio si bure

Kwetu Kenya hali ni kinyume. Hapa thorobredi ndiye tuliye naye. Farasi wengi wanaoruka viunzi Nairobi, wanaocheza polo na wanaowafunza watoto kupanda, walianza maisha kwenye mbio za Ngong. Mbio zikiisha, maisha yao yanaweza kuwa na miaka 15 au zaidi mbele, na mwenye farasi hulazimika kuamua la kufanya naye.

Asiwe na haraka ya kumwona hana faida. Touch of Class, thorobredi jike wa Marekani, alijaribiwa kwenye mbio akashindwa kila mara. Mwaka 1984 mjini Los Angeles, akipandwa na Joe Fargis, alileta dhahabu mbili za Olimpiki za kuruka viunzi, akivuka safi viunzi 90 kati ya 91.

Mzazi anayemnunulia mwanawe farasi aliyetoka mbioni basi asidanganywe na rangi wala jina. Amlete daktari wa mifugo amkague miguu, hasa mishipa migumu nyuma ya mguu wa mbele, na kwato. Amtazame akiwa peke yake na akiwa kati ya wenzake. Kisha ampe miezi ya kupumzika na kujifunza upya, kwani aliyefunzwa kukimbia tu hajui kusimama.

Na mwenye jike mwema wa aina hiyo asimdharau kwa kuwa hakushinda Ngong. Huenda anachokitafuta hakimo kwa jike huyo wala kwa mtoto wake. Huenda kimo kwa mjukuu ambaye bado hajazaliwa.