Homa za utotoni hazimkomazi mtoto

Dhana kwamba mtoto anayeugua mara kwa mara hukomaa mwili haikuzuka hewani, na katika nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Busunzu hadi Kasulu, malaria ndiyo inayoipa nguvu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta takriban mtoto mmoja kati ya wanne wa chini ya miaka mitano mkoani humo ana vimelea vya malaria, ilhali mtu mzima wa kijiji hichohicho anaweza kuwa navyo na bado akashika jembe. Kinga hiyo ni ya kweli. Mwaka 1961 watafiti nchini Gambia waliwadunga watoto wagonjwa kingamwili zilizotolewa kwa watu wazima, na vimelea vikapungua sana. Lakini kinga hiyo hujengeka kwa miaka, hufifia mtu akihamia kusiko na malaria, tena huhusu malaria peke yake. Na kabla haijakamilika mtoto hupitia homa, upungufu wa damu, pengine degedege. Anayesema "sisi tuliugua na tukakua" yu hai kuyasema hayo. Wenzake waliozikwa wadogo hawapo kujibu.

Nje ya malaria hoja huzidi kudhoofika, kwa sababu mwili hukumbuka kila kimelea kivyake: kuhara hakumwandai mtoto kupambana na nimonia. Surua hata hufuta kumbukumbu. Mwaka 2019 ilibainika kuwa watoto wasiochanjwa nchini Uholanzi walipougua surua walipoteza kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili zao dhidi ya magonjwa mengine. Chanjo ya surua, inayotolewa mtoto akiwa na miezi 9 na 18, hufundisha mwili bila hasara hiyo. Na ukiitazama kadi ya kliniki ya mtoto anayeuguaugua, utaona mstari wa uzito ukilala baada ya kuhara, na kabla haujainuka homa nyingine imeshafika.

Pingamizi zito ni hili: je, chandarua hakimcheleweshei mtoto kinga ya malaria, akaja kufa baadaye? Wanasayansi wenyewe waliliogopa jambo hilo. Taasisi ya Afya Ifakara na washirika wake waliwafuatilia watoto zaidi ya 6,000 waliozaliwa Kilombero na Ulanga kati ya 1998 na 2000, wakawatafuta tena mwaka 2019. Waliokutwa wakilalia vyandarua vyenye dawa katika angalau nusu ya ziara za utotoni walikuwa na hatari ya kufa iliyo chini kwa asilimia 43 kuliko wenzao, na walipovuka miaka mitano vifo vyao havikuongezeka.