Nilikimbilia mafuta ya CBD kukwepa joto la kukoma hedhi

Kwa miaka miwili sasa nimekuwa nikiamka saa nane za usiku nimelowa jasho, utadhani nimemwagiwa maji. Nina umri wa miaka 52, hedhi imekoma, na hapa Nyamirambo, jijini Kigali, akina mama wa rika langu hawalizungumzii jambo hili ila kwa kunong'ona.

Wenzangu wengine hupewa vidonge vya homoni. Mimi damu iliwahi kuniganda mguuni, hivyo daktari aliniambia vidonge hivyo havinifai. Tangu hapo nameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande.

Mwaka jana nilikwenda Leicester, Uingereza, kwenye harusi ya binti wa mdogo wangu. Alipoona ninavyojipepea katikati ya baridi, akanitolea kichupa. "Dada, dondoshea chini ya ulimi. Usiogope, haileweshi."

Yalikuwa mafuta ya CBD, yaani kanabidioli, itokayo kwenye mmea wa bangi. Kinacholewesha ni THC, si CBD. Kule mafuta hayo huuzwa madukani, ingawa Oktoba 2023 mamlaka ya viwango vya chakula ilishauri mtu mzima mwenye afya asizidishe miligramu 10 kwa siku. Mimi sikupima chochote. Joto likizidi, naongeza matone.

Nililala vizuri kwa wiki mbili, sikatai. Ila na baridi ya Leicester nayo ilikuwa na mchango wake!

Siku za mwisho fizi zikaanza kutoka damu. Nikausingizia mswaki. Kichupa nilikiacha hukohuko, maana Rwanda iliruhusu mwaka 2021 kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje tu. Kuitumia nchini ni kosa.

Nilipofika nyumbani nikaenda kupima. Kipimo cha kuganda damu, ambacho kwangu hutakiwa kuwa kati ya 2 na 3, kilisoma 4.6. Daktari akaniuliza nimekula nini, nimemeza dawa gani. Nikakana mara tatu. Mwanamke wa makamo, mwenye wajukuu, nitaanzaje kutamka bangi?

"Mama," akasema taratibu, "ukinificha, damu inaweza kuvujia kichwani."

Nikasema. Hakucheka. Alinieleza kwamba ini huivunja warfarini kwa vimeng'enya ambavyo CBD huvizuia, hivyo dawa hurundikana mwilini. Akaongeza kuwa mwaka 2023 chama cha wataalamu wa ukomo wa hedhi cha Marekani hakikupendekeza bidhaa za bangi kwa joto hili, kwa kuwa ushahidi hautoshi. Kilichopendekezwa ni pamoja na gabapentini, ambayo sasa nameza kila usiku. Jasho bado lipo, ila si la kubadili shuka.

Juzi mdogo wangu alipiga simu kuuliza kama aniletee kichupa kingine. Nikamuuliza yeye anatumia dawa gani. Akataja mbili za presha. Nikamwambia akate simu, aende kwanza kwa mfamasia wake na kile kichupa mkononi.