Maziwa hayaoshi moshi: Ushauri mbaya unaowaumiza mafundi wa kompyuta

MAFUNDI wa kompyuta na simu ni watu wenye malalamiko mengi. Nalijua hilo kwa sababu ninawatibu. Wengine ni wa papa hapa Sio Port, na wengine huja kwa matatu kutoka Busia na Malaba. Fundi akiketi mbele yangu kunieleza maumivu ya mgongo, dakika tano hazipiti kabla hajaanza kumlalamikia mtu fulani aliyempotosha mteja wake.

Wana haki. Mvuvi ameangusha simu ziwani, jirani anamwambia aizike kwenye mchele kwa siku tatu. Anapoipeleka kwa fundi, maji yamekwisha kula vyuma vya ndani na chembe za mchele zimeziba tundu la chaja. Kampuni ya Apple yenyewe iliwaonya wateja wake mwaka 2024 waache mtindo huo. Karani ameona kompyuta inakwenda polepole, mpwa wake anamwambia aifomati, na barua za miaka mitatu zinapotea. Kumbe shida ilikuwa vumbi kwenye feni. Mwenye duka anachokora tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya miguu miwili iingie. Ofisi nzima inatumia neno la siri moja, nalo limebandikwa kwenye kioo cha kompyuta.

Fundi mmoja hupenda kusema kuwa kila mtu ni fundi mpaka kitu kiharibike. Mimi humjibu kwamba kwetu kila mtu ni daktari mpaka mgonjwa azidiwe.

Hata hivyo, msomaji mpendwa, kuna jambo linalonishangaza. Mafundi hawa hawa wanaowacheka wateja wao hufuata ushauri mbaya vivyo hivyo inapohusu miili yao. Tena kazi yao si ndogo katika eneo hili. Tangu nchi za Afrika Mashariki zianze kutumia mpango wa eneo moja la forodha mwaka 2014, na tangu kituo cha pamoja cha mpakani Busia kifunguliwe rasmi Februari 2018, mizigo ya lori huandikishwa na kukaguliwa kwa kompyuta. Mashine zikizima, lori hupanga foleni barabarani, na fundi huamshwa usiku wa manane. Mtu anayefanya kazi kwa haraka, usiku, kwenye chumba kidogo ndiye anayedhurika. Hebu tuangalie mambo matano.

Maziwa na moshi wa kulehemu

Fundi akilehemu, moshi mweupe hupanda na kumwingia puani. Ameambiwa na aliyemfunza kazi kwamba moshi huo ni madini ya risasi, na kwamba akinywa pakiti moja ya maziwa jioni kifua kitasafika. Ushauri huu una makosa mawili.

Kwanza, waya mwingi wa kulehemu unaotumiwa na mafundi wa mitaani una risasi kweli, pengine asilimia 37 au 40. Lakini risasi haigeuki mvuke kwa joto la kulehemu, ambalo aghalabu ni nyuzi 350 hivi. Moshi ule hutoka kwenye dawa iliyo ndani ya waya, ambayo hutengenezwa kwa utomvu wa msonobari. Nao una madhara: huwasha macho na koo, na kwa baadhi ya watu huleta pumu ambayo huzidi kila siku ya kazi na kupungua siku za mapumziko.

Pili, maziwa huenda tumboni, moshi huenda mapafuni. Hizo ni njia mbili tofauti. Pakiti elfu moja za maziwa hazitafika mapafuni, na zikifika ni hatari. Kunywa maziwa kwa sababu ni chakula kizuri, lakini usiyaite dawa. Dawa ya moshi ni dirisha lililo wazi na feni ndogo inayouvuta moshi mbali na uso.

Je, risasi huingiaje? Huingia kwa mkono. Fundi hushika waya, kisha hushika mandazi au sigara. Wengine huushika waya kwa meno ili mikono ibaki huru. Vumbi hubaki kwenye nguo na kumfuata nyumbani hadi kwa mtoto anayetambaa. Shirika la Afya Duniani husema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kwa mtoto huharibu ubongo, na kwa mama mjamzito humfikia aliye tumboni. Wakenya tulijifunza haya kwa uchungu kule Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisumisha mtaa mzima, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Kazi ya fundi mmoja haifanani na kiwanda, lakini sumu ni ile ile. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na ubadilishe nguo za kazi kabla ya kumbeba mtoto.

Wale vijana wanaochoma nyaya ili kupata shaba nao wasikie: moshi wa plastiki ile una asidi inayochoma mapafu na sumu nyingine zinazokaa mwilini miaka mingi. Nyaya huchunwa kwa kisu, hazichomwi.

Jenereta ndani ya nyumba

Hapa nitajilaumu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita alinijia kijana anayetunza kompyuta za ofisi moja ya mpakani. Kichwa kilimgonga, alihisi kichefuchefu na miguu ilimlegea. Kandokando ya ziwa hili malaria ni mgeni wa kila siku, basi nikampa dawa za malaria bila kumpima. Baada ya majuma mawili akarudi. Safari hii nilipima damu, nikakosa vimelea. Nikamvika kidoleni kile kifaa cha kupima oksijeni, kikaonyesha asilimia 98. Nikamwambia ni uchovu, apumzike.

Aliporudi mara ya tatu, aliniuliza kwa heshima kama sisi madaktari hatuna desturi waliyo nayo wao. Mashine ikiharibika, alisema, fundi mwema huuliza kwanza ni kitu gani kilibadilika kabla ya shida kuanza. Hafungui chochote kabla ya kuuliza.

Nikauliza. Akajibu kwamba kichwa kilianza tangu jenereta ilipohamishwa kutoka uani na kuwekwa kwenye stoo iliyo ukutani mwa chumba chake, kwa kuogopa wezi. Siku stima isipopotea, haumwi. Jumapili haumwi. Bawabu anayelala karibu na stoo naye huumwa kichwa. Kijana hakuwahi kuwa na homa hata siku moja, nami sikuliona hilo. Nilikuwa nimemfomati bila kumchunguza.

Jenereta hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo damu huzunguka ikiwa imebeba sumu badala ya uhai. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu, na ndiyo maana hufananishwa na malaria. Kifaa cha kidoleni nacho hudanganyika, kwa kuwa hakiwezi kutofautisha damu yenye oksijeni na damu iliyoshikwa na hewa hii. Mtu akiendelea kuivuta, hupoteza fahamu na kufa, mara nyingi usingizini. Jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa huua kwa njia iyo hiyo.

Maziwa hayasaidii hapa pia. Mtoe mgonjwa nje mara moja, mkimbize hospitali apewe oksijeni. Katika hewa ya kawaida, nusu ya sumu huchukua saa nne au tano kutoka mwilini, lakini kwa oksijeni safi huchukua kama saa moja au moja na nusu. Jenereta ikae nje, mita kadhaa kutoka madirishani. Wezi wazuiwe kwa mnyororo na kufuli. Yule kijana alipona bila kidonge mara tu jenereta iliporudishwa uani.

Stima iliyobaki ndani

Wapo wanaofundishwa kwamba ukichomoa plagi, mashine ni salama. Ndani ya pawa saplai ya kompyuta kuna vijipipa viitwavyo kapasita ambavyo huhifadhi umeme. Stima ya ukutani ni volti 240, lakini kapasita zinaweza kushika volti zaidi ya 300, na kubaki nazo kwa muda baada ya plagi kuchomolewa. Asiyejua asilifungue sanduku hilo. Vilevile usifunge waya mahali pa fyuzi, na usikate waya unaoteremsha stima ardhini. Vitu hivyo viliwekwa ili vife wao, usife wewe.

Mtu akinaswa na stima, usimguse. Zima kwenye swichi kubwa. Ikishindikana, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu. Kumfukia mchangani au kumnywesha maziwa ni kupoteza dakika. Ikiwa hapumui, weka viganja katikati ya kifua chake na ubonyeze kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwenzako akitafuta gari. Aliyezimia, au anayehisi moyo ukienda mbio, aende hospitali hata akijiona mzima, kwani stima huvuruga mapigo ya moyo.

Betri iliyofura

Betri ya simu au kompyuta ikifura, baadhi ya mafundi huitoboa kwa sindano itoe hewa, kisha huirudisha. Huo ni mchezo na moto. Betri za lithiamu zikitobolewa zaweza kulipuka, na moshi wake huunguza mapafu. Iliyofura haitengenezwi, hutolewa kazini. Ukiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, unga wala yai. Vitu hivyo hushika joto na kuleta viini, nami hulazimika kuvibandua huku mgonjwa akilia.

Vidonge vya mgongo na miwani ya mionzi

Mwisho ni ushauri unaouzwa madukani. Mgongo na kiwiko vikiuma kwa kukaa, fundi hununua diklofenaki na kumeza kila siku, pengine kabla ya kula. Kidonge hicho hupunguza maumivu kweli, lakini kikizoewa huchimba vidonda tumboni na kuumiza figo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, usingoje kesho. Mgongo hutaka kiti chenye egemeo, kioo kilicho sawa na macho, na kuinuka kila nusu saa.

Kuhusu macho, kompyuta haitoi mionzi ya kupofusha. Macho huwasha kwa sababu mtu akikodolea kioo hupepesa kope mara chache, na jicho hukauka. Uchunguzi wa shirika la Cochrane uliotolewa mwaka 2023 uliona kwamba miwani ya kuchuja mwanga wa buluu huenda isipunguze uchovu wa macho. Kila dakika 20, tazama kitu kilicho mbali mita sita kwa sekunde 20. Hakuna atakayekutoza pesa.

Tangu siku ya yule kijana, mgonjwa akiniambia kichwa kinamuuma, humpima malaria kabla ya kumpa dawa. Kisha huweka kalamu chini na kumuuliza kimebadilika nini kazini na nyumbani. Nawe fundi, ukienda kwa daktari asipokuuliza, mwambie mwenyewe unafanya kazi gani, chumba kikoje, na jenereta iko wapi.