Usahihi wa Wastani Haumtoshi Mgonjwa

Neno 'usahihi' hunitatiza darasani. Katika upasuaji wa moyo laweza kugharimu uhai. Kipo kifaa kibanwacho kidoleni, hukadiria himoglobini kwa mwanga, bila sindano. Tuseme kimemzidishia mgonjwa mmoja gramu 2 kwa desilita, kikampunguzia mwingine 2. Wastani wa kosa ni sufuri! Ilhali mwenye gramu 7, chini ya kiwango cha 7.5 kilichotumiwa kuamulia kuongeza damu katika utafiti mkubwa wa mwaka 2017, amesomwa 9, akanyimwa damu. Wanatakwimu Bland na Altman walishauri mwaka 1986 kwamba tuutazame pia mtawanyiko wa tofauti. Isitoshe, kifaa hutegemea mpigo wa mshipa, na mashine ya moyo na mapafu aghalabu husukuma damu bila mpigo. Hapo hakina la kusema. Ichotwe damu yenyewe, ipimwe.